Nondo, Mamba na Chumba cha Chini

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema moyo umechoka. Nilimuuliza umechoka kama mtu aliyetembea mbali, au kama betri. Akafikiri. Akasema kama betri. Nipunguze chumvi, nisipande ngazi, nipange mambo yangu. Mambo gani, hakusema. Nina suti mbili, kabati la vitabu vya elimu ya wanyama, na shemeji.

Nyumbani nimewaambia daktari alishangaa. Ni kweli alishangaa. Sikueleza alishangazwa na nini.

Basi naanza kuandika haya ili niungame kabla sijachukuliwa. Maisha yangu yote ya kazi nilifundisha biolojia, na niliwaambia wanafunzi waandike walichokiona, si walichotaka kukiona. Nami nitafanya hivyo. Ungamo la kwanza: nakitaka chumba cha chini, na nitakipata kwa njia yoyote.

Chumba chenyewe kilikuwa cha cherehani. Binti yangu ni fundi nguo. Amepata duka barabarani, cherehani zimehama, chumba kimebaki kitupu. Kiko jirani na bafu. Dirisha lake linatazama ua na kamba ya nguo. Hakina ngazi hata moja ya kukifikia. Sisi wazee tunalala juu, mimi chumba hiki, Shemeji chumba kile, ukuta mmoja katikati. Akikoroma yeye, naamka mimi. Shemeji ni mdogo wake marehemu mke wangu. Alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni, wajukuu wanamwita Babu Tangazo. Yeye alistaafu. Sauti ilikataa.

Binti alituuliza nani ahamie chini. Nikasema Shemeji ahamie, ana goti bovu. Shemeji akasema la hasha, Mwalimu ahamie, ana umri. Nikasema goti si la kuchezea. Akasema na umri je. Wiki nzima tumekuwa tukisukumiana chumba kwa heshima kubwa, kila mmoja akiomba kimyakimya mwenzake akatae mpaka mwisho. Leo binti ameweka mkasi mezani, akasema, "Baba, Mjomba, mmenichosha. Jumapili mtapigana, kama watu wote wa nyumba hii."

Kupigana maana yake gemu. Ndivyo nyumba hii inavyoamua mambo tangu wajukuu walipogombania zamu ya kuosha vyombo. Sasa kila ugomvi unapelekwa mbele ya runinga sebuleni, na hukumu haina rufaa. Mkwe wangu alishindwa na mkewe mwaka jana. Ndiyo maana jiko letu ni la njano.

Najua ningeweza kusema neno moja tu kuhusu moyo, na kitanda changu kingeshushwa leo leo. Lakini pamoja na chumba ningepewa uji wa kulishwa, na watu wangeanza kunong'ona nikiingia. Hapana. Nitakishinda kile chumba kama mwanamume, nikiwa mzima machoni pao.

Nimepanda ngazi. Nimepumzika katikati. Mkwe alipita akauliza kama niko sawa. Nikasema natafakari.

Jumanne, 4 Machi

Somo la kwanza. Mwalimu wangu ni mjukuu mkubwa, fundi umeme, tunayemwita Kamishna kwa kuwa ndiye refa na ndiye mwenye gemu. Alitoka kazini na mkanda wa koleo kiunoni, akaketi karibu nami, akaniambia, "Haya mchumba, shika rimoti. Siyo hivyo. Umeigeuza."

Gemu linaitwa Uwanja Mmoja. Wametwaa viumbe kutoka gemu mbalimbali, ambao kwao hawajuani wala hawafanani, wakawatupa wote katika ulingo mmoja wapigane. Ni sawa na kuchukua wageni wa harusi tatu tofauti na kuwafungia ukumbi. Kila kiumbe amekuja na ufundi wa kwao. Chini ya skrini kuna mstari wa nguvu. Ukipiga unajaa, ukipigwa unajaa pia, jambo ambalo linanifaa. Ukishajaa unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kiumbe wako anatoa pigo la mwisho.

Nilidai kuyaona mapigo yote kwanza, kisomi. Yupo Pweza, ametoka gemu la kinanda. Pigo lake ni kupiga noti nane kwa mkupuo mpaka mpinzani anacheza dansi asilolitaka. Yupo Konokono, kwao ni gemu la mbio za magari na alikuwa wa mwisho siku zote. Pigo lake ni kuwafanya wengine wote waende mwendo wake. Yupo Mamba wa gemu la daktari wa meno. Anapanua kinywa, na vifaa vyote vya madaktari aliowahi kuwameza vinatoka kwa kasi: koleo, vioo, sindano, hata kiti. Na yupo Bata wa gemu la watoto la hesabu. Huyu anamwandika mpinzani wake hewani kama tarakimu, kisha anamgawanya kwa sifuri. Mpinzani anatoweka kabisa, na kompyuta yenyewe inaonekana kuona haya.

Nilimwambia Kamishna kwamba mamba hana sababu ya kumuogopa daktari wa meno, meno yake huota upya. Akasema, "Babu, chagua."

Nilichagua kwa elimu. Kakakuona. Magamba magumu, makucha ya kuchimba, mnyama ambaye hata simba humwacha akaenda zake. Kumbe pigo lake la mwisho ni kujiviringisha. Anajiviringisha, anabaki hivyo. Kamishna alimchukua Konokono akaja polepole, akanipanda, akanivuka, akarudi, akanipanda tena.

Nimepigwa na konokono. Naandika kwa sababu nimeapa kusema kweli.

Ndipo nikamwona Nondo, mdudu wa mbawa za vumbi, yule anayezunguka taa. Ametoka gemu fulani la mafumbo. Ni dhaifu, ukimpumulia anaanguka. Lakini akitoa pigo la mwisho anakung'uta mbawa, skrini yote inakuwa nyeupe pe! na katika weupe huo Nondo pekee anaendelea kupiga. Kamishna alisema hakuna anayemchagua kwa sababu hata wewe mwenyewe huoni kitu.

Nilijizuia nisicheke. Mimi nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Dunia yangu imekuwa nyeupe tangu mwaka juzi. Nimeshazoea kutafuta vitu kwa masikio: birika, mlango, watu wanaonisema. Nitamweka Nondo hewani, nitaizima dunia, nitamsikiliza mpinzani anakanyaga upande gani.

Hatimaye ugonjwa umeniletea faida.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi na Shemeji. Yeye kamchagua Mamba. Nilijua. Ana mdomo uleule.

Kwanza, habari njema. Nimemgundua. Miaka yote kazini, kabla hajabonyeza swichi ya kipaza sauti, alisafisha koo mara moja, "ehem," kisha ndiyo treni. Hawezi kuacha. Kila mstari wake ukijaa na anataka kutoa pigo la mwisho, anasafisha koo, kisha anatangaza kwamba abiria wa upande wa kushoto wasogee mbali na reli, kisha vidole vinabonyeza. Kati ya koo na kidole kuna nafasi ya kutosha hata kwangu. Nilisikia ehem, nikamrusha Nondo juu, kile kiti cha daktari wa meno kikapita chini yangu. Shemeji akapigwa na butwaa. Akasema nina bahati. Nikasema nina usomi.

Sasa habari mbaya, na ziko mbili.

Ya kwanza. Vidonge vyangu vya moyo na vya kupunguza maji nimevificha katika kopo la peremende, chini ya kiti changu. Ungamo dogo. Nilipokwenda kuchukua miwani, Shemeji alijihudumia. Akasema peremende zangu chungu, nimezinunua wapi, kwa adui? Akameza kidonge cha maji. Matokeo nayajua vizuri. Alikwenda chooni kabla ya raundi kwisha, akarudi, akaenda, akarudi, akaenda kwa mwendo ambao goti lake halijauona tangu ujana. Binti yangu alisimama mlangoni anamtazama anavyohangaika. Akasema kwa huruma, "Jamani, Mjomba kweli anahitaji chumba cha karibu na bafu." Nami nimekaa na kopo mapajani. Ningesema nini?

Ya pili ni mbaya zaidi. Mstari wangu ulijaa. Nikabonyeza. Nondo akakung'uta mbawa, dunia ikawa nyeupe, nikatega sikio nimmalize. Na Mamba akaniuma. Katikati ya weupe ule ule, akanifuata moja kwa moja, akaniuma tena. Nilimuuliza Shemeji ameonaje. Akasema kwani kulikuwa na nini? Skrini imebadilika?

Nilisahau. Na yeye ana mtoto wa jicho. Tulipimwa siku moja, kliniki moja, tukiwa tumeshikana mikono kama watoto wa shule. Nondo hawezi kumpofusha mtu ambaye hakuwa anaona.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki ya macho wamepiga simu. Zamu yangu ya upasuaji ni kesho. Jicho la kulia. Zamu ya Shemeji bado miezi mingi.

Binti alifurahi. Mimi nilikaa nikitazama ukuta, au kile ninachodhani ni ukuta. Nikifanyiwa mimi, nitaanza kuona. Nikianza kuona, nitapofushwa na Nondo wangu mwenyewe. Nitakuwa nimejichimbia.

Kisha wazo likaingia, taratibu, kama mgeni anayevua viatu. Kama nataka kumpofusha Shemeji, sharti kwanza aone.

Nilimwita binti nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba Shemeji ndiye aende. Mimi nimeshaona mengi. Dada yake, nikasema, angetaka hivyo. Binti akalia. Mkwe akanishika bega. Muuguzi wa kliniki alipopigiwa alisema wote wawili tumeshapimwa, mmoja akimwachia mwenzake hakuna neno, na akaongeza kwamba wazee wa namna hii wamekwisha. Shemeji mwenyewe alikuja chumbani kwangu, akasimama, akakosa la kutangaza. Mara ya kwanza tangu nimuoe dada yake.

Ningeona aibu, lakini sikuwa na nafasi. Nilikuwa nahesabu weupe wa skrini.

Jumapili, 9 Machi

Pambano limeahirishwa hadi Jumapili ijayo. Shemeji ana kiraka cha jicho na amri ya kutoinama, kutobeba, kutokasirika. Amelala kochini kama mfalme, analishwa matunda. Anasimulia upasuaji kwa kila anayeingia. Kila akisimulia daktari anazidi kuwa kijana na kisu kinazidi kuwa kirefu.

Nimetumia muda huu kufanya mazoezi na Kamishna. Sasa namshinda Konokono. Kamishna anasema naboreka. Kisha akaniuliza kwa nini nahema wakati nimekaa. Nikamwambia Nondo huhema. Akasema nondo hawana mapafu, Babu, ulinifundisha mwenyewe, wana vitundu ubavuni.

Ubaya wa kusomesha watu.

Jumatatu, 10 Machi

Kiraka kimetolewa. Balaa.

Shemeji anaona. Anaona kila kitu na anakitangaza. Ameona jiko, akauliza nani alifanya unyama ule. Mkwe akatoka nje. Ameona ufa wa dari, ameona buibui, ameona kwamba shati alilokuwa akilivaa Ijumaa zote si la bluu, ni la zambarau. Amejiona kwenye kioo cha bafu, akapaza sauti tumwambie ukweli, amekuwa hivi tangu lini, na kwa nini hakuna aliyempa taarifa.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Alikuja kunicheka nami. Alisimama mbele ya kiti changu, karibu, akainamisha kichwa anitazame vizuri kwa lile jicho jipya. Nikasubiri tusi. Nilikuwa nimeshaandaa la kumrudishia.

Tusi halikuja. Alinitazama usoni. Midomoni. Akateremsha macho mpaka miguuni, ambako nilikuwa nimevaa soksi pana kwa sababu nyembamba haziingii. Kisha akasema kuna baridi, akaenda zake.

Ushindi wangu wa kwanza. Amekosa maneno. Naamini ameanza kuniogopa.

Alhamisi, 13 Machi

Shemeji ana mbinu. Naiona waziwazi.

Anapanda ngazi nyuma yangu. Nikisimama katikati kutafakari, naye anasimama. Nikimuuliza anataka nini, anasema goti. Jana goti hilohilo lilimkimbiza mpaka getini kumwona mwenye mkokoteni wa ndizi, ili azione rangi.

Anauliza maswali. Nalala na mito mingapi. Zile peremende zangu za dukani gani. Jana aliniuliza ghafla daktari wangu alishangazwa na nini hasa. Nikamwambia alishangazwa na mapigo yangu ya moyo. Akasema, "Enhe. Mapigo yako." Akaendelea kunitazama.

Anapeleleza kuhusu pigo langu la mwisho. Hilo halina shaka. Nimelifunga kopo kwa mpira na kulihamishia nyuma ya kamusi.

Kwenye mazoezi leo Nondo alikung'uta mbawa na Shemeji akapiga ukelele, akashika uso, akasema mama yangu, jua limeingia ndani. Kazi ya kliniki ni safi sana. Mamba akabaki anazunguka kama kuku aliyemwagiwa maji. Nilimpiga nilivyotaka. Kila mtu sebuleni aliona, isipokuwa Shemeji, na mimi.

Nimejiona ni mtu mbaya kwa muda wa kama kikombe cha chai. Kisha chai ikaisha.

Jumapili, 16 Machi

Nimeshinda.

Niandike vizuri, kwa utaratibu.

Familia yote sebuleni. Binti ameacha nguo za wateja. Mkwe ameleta viti vya jikoni. Kamishna amekaa katikati na filimbi. Mimi karibu na spika, kwa ajili ya sikio. Shemeji kochini, amevaa ile suti yake ya stesheni yenye vifungo vya shaba, anavisugua kwa kiganja ili avione.

Raundi ya kwanza yake. Nilisahau kitufe cha kuruka nikabonyeza cha kusalimia. Nondo akainama kwa adabu huku anatafunwa. Raundi ya pili yangu. Mamba alitoa vifaa mapema mno, nikasikia ehem, nikavikwepa vyote hadi kiti.

Raundi ya tatu, ya mwisho. Kifua kilikuwa kimenibana lakini nikakipuuza. Uhai wa Nondo umebaki kama uzi. Mstari wangu haujajaa. Mstari wa Mamba umejaa, Kamishna alitamka mwenyewe. Kazi imebaki kwa Shemeji kubonyeza tu.

Nikasikia ehem.

Nikaruka. Nikasubiri koleo, vioo, kiti. Hakuna kilichokuja. Nikatua. Ehem tena, kubwa, ya treni ya masafa marefu. Nikaruka tena. Hakuna. Mamba amesimama tu kinywa kimefungwa, kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Nikampiga teke, mstari wangu ukasogea. Nikampiga tena. Ukajaa. Nikabonyeza vitufe viwili, Nondo akakung'uta mbawa, dunia ikawa nyeupe, na ndani ya weupe ule nikampiga Mamba, nikampiga, nikampiga mpaka filimbi ikalia.

Nilitegemea makofi. Nikasikia Kamishna akisema polepole, "Babu Tangazo, rimoti yako iko sakafuni."

Ameiangusha kwa hofu. Nondo amemtoa jasho mpaka rimoti imemponyoka. Katika historia ya nyumba hii haijawahi kutokea. Binti alimuuliza mjomba wake kwa nini ameiweka chini, na Shemeji akajibu kwamba jua lilimzidi, jicho bado changa. Akasimama, akanyoosha suti, akatangaza kwa sauti iliyotikisa glasi: chumba cha chini, upande wa bafu, kinampokea Mwalimu, abiria wapishe.

Alinisaidia kuinuka. Mkono wake ulikuwa imara sana kwa mtu aliyeshindwa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimehamia. Nimelala chini usiku mzima, sikukohoa. Asubuhi nilikwenda bafuni bila kutafakari hata mara moja. Dirishani kuna kamba ya nguo, na nguo zinapepea kama Nondo mia. Nimefungua pazia nizitazame jinsi ninavyoweza.

Mlangoni nimekuta viatu vya kitambaa. Vipya, laini, vipana kupita kiasi. Hakuna mtu nyumbani mwenye mguu wa namna ile. Nimejaribu. Vimeingia bila soksi kulalamika.

Alasiri Shemeji alishuka. Goti zima kabisa. Alifunga mlango, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniambia nisimfanye mtoto. Peremende gani inamkojoza mtu nusu siku. Midomo yangu ina rangi ya shati lake la Ijumaa, lile ambalo si la bluu. Miguu yangu imevimba kama mkate. "Umenipa jicho, Shemeji," akasema, "sasa ulitaka nilifanyie nini? Niangalie buibui?"

Nilimjibu kwamba nilimshinda kihalali. Akasema ndiyo, ndiyo, kihalali kabisa.

Nikauliza kama rimoti kweli ilimponyoka. Akatazama kamba ya nguo. Akasema nguo za siku hizi zina rangi nyingi.

Kisha akasema jambo ambalo ninaliandika kwa sababu niliapa. Alisema, dada yangu naye alisema daktari kashangaa. Na huyu binti akajua siku ya mwisho, akiwa na kanga ya mama yake kwenye cherehani, anamshonea pindo. Unataka kumfanyia mara ya pili?

Nimefundisha mifumo yote ya mwili, na hili halimo katika hata mmoja.

Amenipa mpaka Jumapili nimwambie binti. Nisiposema, atatangaza yeye, kwa sauti ile ya stesheni, na saa, na jukwaa.

Nimemuahidi. Nilimaanisha. Nililia kidogo, akanipa leso, nayo akaniambia ni ya kijani.

Jumanne, 18 Machi

Siku ya kusema kweli. Nimeamka mapema. Nimevaa viatu vipana. Nimejifunza, nikajiambia, ya kwamba mtu hapati chochote kwa hila ambacho asingekipata kwa kusema. Chumba hiki ningepewa tangu siku ya kwanza kwa neno moja. Sentensi nzuri. Niliirudia mara kadhaa nikinyoa.

Binti aliingia na chai. Akauliza nimelalaje. Nikafungua mdomo. Alikuwa na pini midomoni na futi shingoni, na uso ambao nauona kama wingu lakini najua ulivyo. Nikasema nimelala vizuri, mwanangu. Nikasema daktari angeniona leo angeshangaa.

Akacheka, akaenda dukani.

Shemeji alikuwa nje ya mlango. Alisikia yote. Hakukasirika. Alishusha pumzi tu. Ndipo nilipomweleza pendekezo langu, ambalo ni la haki na linafuata taratibu za nyumba: tupigane. Jumapili. Akishinda yeye, namwambia binti palepale mbele ya runinga, neno kwa neno, kama alivyosema daktari, na betri nitaitaja. Nikishinda mimi, naachiwa nichague siku yangu mwenyewe.

Amekubali haraka mno. Maskini, hajui.

Nondo nimemstaafisha. Kwa heshima zote, mdudu yule amefanya kazi yake. Sasa namtaka Bata wa Hesabu. Kwa nini sikumfikiria mapema? Mtu wa shule, mnyama wa shule. Kukwepa kwangu ni kulekule: nasubiri koo la Shemeji, naruka, natua, namwandika Mamba hewani na kumgawanya kwa sifuri. Hakitabaki kitu cha kutangaza.

Saa hii namsikia sebuleni akifanya mazoezi na Kamishna. Mlango wangu uko wazi, ndiyo raha ya kukaa chini. Mamba anatoa pigo la mwisho, koleo na vioo vinamiminika, Kamishna anapiga kelele. Kisha tena. Kisha tena. Na koo la Shemeji kimya kabisa, halitoi hata ehem moja.

Maskini, ameshikwa na mafua. Mtu wa umri ule haji na mafua ulingoni. Nimemwita mkwe ampelekee peremende. Safari hii za kweli.